Mkanda wa Ngozi: Zawadi Inayotoka Zizini

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ng'ombe ndiye anayehesabiwa pale undugu unapofungwa, unapogawanywa au unapodaiwa. Miongoni mwa Wakurya, ambao wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya na ambao koo zao upande wa Tarime ni pamoja na Wanchari, Warenchoka, Watimbaru, Wanyabasi, Wakira na Wairegi, ndoa huhesabiwa kuwa imesimama pale ng'ombe wa mahari wanapotoka zizi moja na kuingia jingine, na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti ndio ambao kwa desturi humwezesha kaka yake wa tumbo moja kuoa. Uhusiano huo wa nyumba, mahari na mifugo ndio uliokuwa kiini cha utafiti wa mwanaanthropolojia Eva Tobisson kuhusu familia za Wakurya, uliochapishwa mwaka 1986. Hata nyumba ntobhu, desturi ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake ili apatikane mrithi wa kuendeleza nyumba yake, husimama juu ya mahari ya ng'ombe.

Pamoja na uzito huo wote, iko sehemu moja ya ng'ombe ambayo siku hizi imesahauliwa katika hesabu, nayo ni ngozi. Nyama hugawiwa wakubwa na wadogo kwa taratibu zinazofahamika, maziwa huwekwa kibuyuni, samadi hupelekwa shambani, lakini ngozi huuzwa kwa bei ya kutupa au huachwa ikaoza nyuma ya machinjio, huku vijana wa familia hiyo hiyo wakinunua katika masoko ya Sirari, Tarime mjini na Mugumu mikanda ya reksini, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki ili kifanane na ngozi, ambayo hubanduka mapema na kubaki nyuzi tupu. Sura hii inaeleza jinsi mkanda wa ngozi halisi unavyotengenezwa na kutiwa nakshi kwa mkono ili uwe zawadi kwa mtu wa nyumbani, na inatetea hoja kwamba ubora wa mkanda huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla fundi hajaugusa, kwa kuwa wanaouamua kwanza ni mfugaji, mchinjaji na mchunaji.

Urithi wa ngozi kaskazini na kusini mwa Mto Mara

Mto Mara hupita kati ya wilaya hizi mbili, Tarime ikiwa upande wa kaskazini na Serengeti upande wa kusini, na katika kila upande ngozi ilikuwa malighafi ya vitu vya heshima. Wakurya walikuwa na ngao za ngozi na mavazi ya ngozi, na hadi leo iritungu, ala yao kubwa ya nyuzi nane, hupata sauti yake kutokana na ngozi iliyowambwa juu ya bakuli la mti. Kuwamba maana yake ni kuivuta ngozi mbichi kila upande na kuifunga ikiwa bado na maji, ili ikikauka ikaze yenyewe. Kusini mwa mto, ambako Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye wanaishi jirani na Watatoga, ustadi wa ngozi uliohifadhiwa kwa uaminifu mkubwa zaidi ni wa wanawake wa Kitatoga walioolewa, ambao sketi zao za ngozi laini yenye vishada vingi ni vazi na pia ni alama ya hadhi ya mwanamke katika jamii yake. Ngozi ya namna hiyo hukwanguliwa, hupakwa mafuta na kusuguliwa kwa muda mrefu hadi inalainika, na ulaini huo ni matunda ya kazi ya mikono, bila kiwanda wala dawa ya dukani.

Jambo moja la kisheria linapaswa kusemwa mapema. Historia ya watu wa magharibi ya Serengeti, kama ilivyoandikwa na Jan Bender Shetler katika kitabu chake cha 2007, ni historia ya wakulima na wafugaji ambao pia walikuwa wawindaji, na kwa hiyo ngozi za wanyamapori hazikuwa kitu kigeni majumbani mwao. Hata hivyo, tangu Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951 mipaka ya uwindaji ilizidi kubanwa, na chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 kipande cha ngozi ya mnyamapori huhesabiwa kuwa nyara ya serikali, na mtu anayekutwa nacho bila kibali hushtakiwa. Mkanda wa nyumbani, kwa hiyo, ni mkanda wa ng'ombe, na hilo halipunguzi thamani yake hata kidogo, kwa sababu ngozi ya mgongo wa ng'ombe ni nene, imeshikamana na huvumilia miaka mingi ya kuvutwa.

Ngozi kabla ya fundi

Ng'ombe wengi wa Tarime na Serengeti ni zebu, yaani ng'ombe wa asili wenye nundu na umbo dogo, na ngozi yao ni nyepesi kuliko ile ya ng'ombe wakubwa wa Ulaya. Wepesi huo si kasoro, ila unadai uangalifu, kwa kuwa kovu ambalo kwenye ngozi nene lingebaki juujuu, kwenye ngozi ya zebu huingia hadi ndani. Makovu yenyewe hutokana na mambo yanayojulikana: kupe wanaotoboa ngozi vitundu vidogo, miiba ya vichakani, fimbo za kuswagia, na zaidi ya yote chapa ya moto. Mfugaji anayechoma alama kubwa ubavuni au juu ya paja hujilinda dhidi ya wezi, jambo ambalo katika wilaya zilizosumbuliwa kwa muda mrefu na wizi wa mifugo lina sababu zake, lakini huharibu sehemu ambayo ingetoa ngozi bora. Sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo iliweka msingi wa njia nyingine za kumtambua mnyama, na heleni ya sikioni ni njia mojawapo ambayo haiachi jeraha mahali mkanda utakapokatwa.

Hatari ya pili iko kwenye kisu. Mchunaji anayetumia kisu chenye ncha kali huacha mikato upande wa nyama, na mikato hiyo, ingawa haionekani upande wa manyoya, hugeuka kuwa mahali pa kukatikia mkanda unapovutwa. Wachunaji hodari hupasua kwanza mistari ya mwanzo, yaani katikati ya tumbo na ndani ya miguu, kisha hutumia kisu chenye ncha ya mviringo, na huisukuma ngozi kwa ngumi kila inapowezekana, hadi iachane na nyama.

Baada ya kuchunwa, ngozi huanza kuharibika mara moja, kwa kuwa vijidudu huila kama vinavyokula nyama, na dalili ya kwanza ni manyoya kung'oka yakivutwa kwa vidole. Kwa sababu hiyo huoshwa damu, huondolewa mabaki ya nyama na mafuta, kisha katika siku hiyo hiyo hupakwa chumvi nyingi upande wa nyama, takriban theluthi moja ya uzito wa ngozi yenyewe, au huwambwa kwenye fremu ya miti na kukaushwa kivulini mahali penye upepo. Kuianika chini kwenye jua kali ni kosa linalojirudia sana, kwani upande wa juu hukauka na kuwa mgumu huku katikati kukibaki unyevu unaooza, na joto kali hugeuza sehemu ya ngozi kuwa gundi ambayo itayeyuka siku itakaporudishwa majini.

Tahadhari moja haina mbadala. Ng'ombe aliyekufa ghafla, hasa akiwa na damu isiyoganda inayotoka puani au kwenye matundu mengine ya mwili, hachunwi, kwa kuwa huenda amekufa kwa kimeta, ugonjwa ambao vimelea vyake hudumu katika ngozi na udongo kwa miaka mingi na humpata binadamu kupitia mchubuko mdogo wa mkono. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, na afisa mifugo huarifiwa mara moja.

Kuiva kwa ngozi

Ngozi iliyokauka bado si ngozi ya kazi, kwani ikilowa itaoza. Ili iwe ya kudumu ni lazima iivishwe, yaani nyuzinyuzi za protini zinazoijenga, zinazoitwa kolajeni, zifungwe na dawa inayozizuia zisioze tena. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza hutumia chumvi za madini ya kromi, humalizika kwa siku chache, na ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya ngozi ya viatu na mikoba duniani leo. Ya pili hutumia tanini, dawa chungu inayopatikana katika magome, maganda na matunda ya miti, na huchukua wiki nyingi au hata miezi.

Kwa mkanda wa nakshi njia ya pili ndiyo inayofaa, na sababu yake ni ya kimaumbile. Ngozi ya tanini ikiloweshwa kidogo huwa tulivu, hupokea alama ya nyundo na kuihifadhi inapokauka, ilhali ngozi ya kromi ni ya kunepa, na alama iliyopigwa leo huwa imefifia kesho. Mnunuzi anaweza kuzitofautisha bila maabara: ukingo uliokatwa wa ngozi ya kromi mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au buluu katikati, wakati ule wa tanini ni wa kahawia; na kipande kidogo kikitumbukizwa katika maji yanayochemka, kile cha tanini hujikunja na kusinyaa, ilhali cha kromi kilichoiva vizuri hubaki karibu kama kilivyokuwa.

Tanzania ina tanini yake. Miwati, miti yenye asili ya Australia ambayo magome yake yana tanini nyingi, hulimwa katika nyanda za juu kusini, na kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa Njombe mwaka 1949 ilijengwa kwa ajili ya kukamua tanini hiyo. Karibu zaidi na nyumbani, baadhi ya migunga hutoa maganda na magome yenye tanini ya kutosha kazi ndogo ya mkono. Utaratibu wake ni kuirudisha ngozi majini, kuiweka katika maji ya chokaa kwa siku kadhaa hadi manyoya yaachie, kuikwangua pande zote mbili, kuiosha mpaka chokaa iishe, kisha kuitumbukiza katika maji ya magome yaliyo hafifu kwanza na kuyaongeza ukali hatua kwa hatua. Anayeanza na maji makali huifunga ngozi juu huku ndani ikibaki mbichi, na ushahidi wake ni mstari mweupe unaoonekana katikati pale ukingo unapokatwa.

Kwa familia isiyo na nafasi ya kazi hiyo, ipo njia ya kununua ngozi iliyokwisha kuiva. Serikali ilijenga viwanda vya ngozi katika miji ya Moshi, Morogoro na Mwanza, na ingawa vile vya umma havikudumu kama ilivyotarajiwa, elimu yake haikupotea: kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi, na shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, limekuwa likiwafunza wajasiriamali wadogo kazi za mikono, ikiwamo ya ngozi.

Kupima na kukata

Mkanda hukatwa kutoka mgongoni, sambamba na uti wa mgongo, kwa sababu huko nyuzinyuzi zimeshikana na hazinyooki ovyo, tofauti na ngozi ya tumboni ambayo huvutika na kupinda baada ya majuma machache. Upana unaotosha vitanzi vya suruali nyingi ni kati ya sentimita 3 na 4, na unene unaofaa ni milimita 3 hadi 4. Ngozi ya zebu isipofikia unene huo, fundi huchukua vipande viwili vyembamba, akavigundisha upande wa nyama kwa upande wa nyama na kuvishona pamoja, na mkanda wa namna hiyo, ukishonwa vizuri, haushindwi na ule wa kipande kimoja.

Kipimo cha urefu ndicho kinachowakosesha wengi. Namba ya suruali haitoshi, kwa kuwa mtu hufunga mkanda juu ya nguo na kila mmoja ana mahali pake pa kufungia. Njia ya uhakika ni kuchukua mkanda ambao mhusika anautumia sasa, kuunyoosha, na kupima kutoka mahali ngozi inapokunjwa kushika bizimu, yaani kile kichwa cha chuma cha kufungia, hadi tundu lililochakaa kuliko mengine. Tundu hilo huwa la katikati katika mkanda mpya, na pande zake hutobolewa matundu mengine mawili mawili kwa nafasi ya sentimita 2.5, ili mpokeaji akinenepa au akikonda mkanda uendelee kumfaa. Huongezwa sentimita 12 hivi mbele ya tundu la mwisho kwa ajili ya ncha, na sentimita 7 nyuma kwa ajili ya kukunjia bizimu.

Nakshi

Kutia nakshi huanza kwa maji. Upande wa manyoya hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha ngozi huachwa hadi rangi yake inakaribia kurudi ilivyokuwa, lakini ikiguswa kwa mgongo wa mkono bado ni ya baridi. Hapo ndipo hupokea alama vizuri. Ikiwa na maji mengi alama hujaa na kupotea, na ikiwa kavu nyundo huvunja uso wa ngozi badala ya kuukandamiza.

Mchoro huandaliwa kwanza kwenye karatasi, ukawekwa juu ya ngozi na kupitishwa ncha butu ili uache mstari. Kisha kisu chenye makali mafupi hufuata mistari hiyo kwa kina kisichozidi nusu ya unene, na hatimaye pembeni mwa kila mstari hupigwa chapa ndogo za chuma zinazodidimiza eneo la nyuma ili umbo liinuke. Fundi asiye na chapa za dukani hutengeneza zake: msumari mnene uliosagwa kichwa juu ya jiwe hutoa kitone, boliti iliyokatwa kwa tupa hutoa pembetatu, na mpini wa kijiko hulainisha mizunguko. Nyundo inayofaa ni ya mti, kwa kuwa ya chuma huharibu chapa, na chini ya ngozi huwekwa jiwe bapa au gogo gumu, kwani meza inayonepa hula nguvu ya pigo.

Pembetatu, mistari ya mshazari na safu za vitone, ambazo macho ya watu wa Mara yamezizoea katika vibuyu vya maziwa na kazi za shanga, hukaa vizuri kwenye ukanda mwembamba kuliko picha kubwa za wanyama. Jina la mpokeaji, liwe Mwita, Bhoke, Marwa au Ghati, huwekwa katikati ya mgongo, na herufi zake hupimwa kuanzia katikati kwenda pembeni, si kuanzia mwanzo, ili jina lisielemee upande mmoja. Kwa kuwa kupigapiga huirefusha ngozi, mkanda hukatwa urefu wake wa mwisho baada ya nakshi kukamilika. Anayekata kwanza huenda akajikuta matundu yake yamehama.

Rangi nyeusi hupatikana kwa njia rahisi ambayo mafundi wa ngozi wameitumia kwa muda mrefu: misumari yenye kutu huachwa ndani ya siki kwa siku kadhaa, na maji yake yakipakwa juu ya ngozi ya tanini, chuma huungana na tanini na kutoa weusi unaoingia ndani badala ya kukaa juu kama rangi ya kopo. Baada ya hapo ngozi hupanguswa kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki uishe.

Kushona, kingo na bizimu

Mshono imara wa mkono hutumia uzi mmoja na sindano mbili, moja kila ncha ya uzi. Matundu hutobolewa kwa msharasi, chuma chembamba chenye ncha wanachotumia mafundi viatu, kwa nafasi ya milimita 5 hivi, na sindano zote mbili hupita katika kila tundu kutoka pande zinazopingana. Cherehani hufunga nyuzi mbili kwa kuzikutanisha katikati, hivyo uzi mmoja ukikatika mshono hufumuka, lakini katika mshono wa sindano mbili kila tundu limepitiwa mara mbili, na hata kama hatua moja ikikatika zilizobaki hushikilia. Uzi wa katani au nailoni wenye urefu wa takriban mara nne ya mstari unaoshonwa hupitishwa kwanza kwenye nta ya nyuki, ambayo huukinga na maji na kuufanya ung'ang'anie ndani ya tundu.

Kingo ndizo zinazotambulisha kazi ya haraka na kazi ya upendo. Pembe kali hukatwa kidogo kwa kisu, ukingo huloweshwa, kisha husuguliwa kwa kipande cha mti laini au kitambaa kigumu hadi nyuzinyuzi zinalala na kung'aa, na nta hupakwa juu yake. Mwishoni mkanda mzima hupakwa mafuta kidogo. Mafuta yanayopatikana kwa kuchemsha makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, yakachujwa na kupoa, ndiyo yaliyoaminiwa na mafundi wa ngozi katika nchi nyingi kwa sababu hubaki majimaji na kuingia ndani. Bizimu la shaba au chuma cha pua hufungwa kwa skrubu badala ya kushonewa, ili likichoka libadilishwe na ngozi iendelee.

Kumpa mtu wa nyumbani

Zawadi nyingi za dukani zinaweza kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine bila mtu kujua. Mkanda uliotengenezwa kwa njia iliyoelezwa hauhamishiki kirahisi, kwa kuwa tundu lake la katikati limepimwa kwa kiuno cha mtu mmoja, jina lake liko mgongoni, na kama familia imeanza kazi tangu zizini, hata ng'ombe aliyeutoa anajulikana kwa rangi na kwa ukoo wake. Kijana anayetoka jandoni, binti anayekwenda kuanza kazi Mwanza, mjomba aliyesimamia mahari, au baba mzazi ambaye alilisha ng'ombe huyo kwa miaka mingi, kila mmoja huupokea mkanda huo akijua nafasi yake katika mlolongo ulioanzia malishoni.

Thamani ya kiuchumi ya kazi hii isidharauliwe, kwani fundi viatu anayeweza kutia nakshi na kushona kwa sindano mbili ana bidhaa ambayo watalii wanaopita Mugumu na wasafiri wa Sirari wanaweza kuinunua, na ngozi ikianza kuwa na bei nzuri mfugaji atakuwa na sababu ya kuitunza. Lakini uamuzi wa kwanza ni wa nyumbani na hauhitaji mtaji mkubwa. Ng'ombe wanaochinjwa kwa arusi, tanga na sikukuu katika wilaya hizi ni wengi, na katika kila machinjo huwa kuna saa chache tu ambazo ngozi inaweza kuokolewa. Familia inayotaka kurudisha ngozi katika hesabu ya undugu inapaswa kumwambia mchunaji, kabla hajaanza kazi, kwamba ngozi hii ina mwenyewe, na chumvi ya kuihifadhi iwe imekwisha kununuliwa.